Je, kupanda treni kunapunguza thawabu za Hija? Kisa cha Reli ya Hijazi

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mjomba wangu ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua, na amenuia kuhiji mwakani. Anasema treni ya kule hapandi hata kwa dawa, maana wazee walikwenda kwa ngamia na kwa miguu, na thawabu ni kwa tabu. Nami nimesikia Waturuki waliwahi kujenga reli ya mahujaji kwa sadaka za Waislamu. Ni kweli? Na mjomba ana hoja?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Ni kweli. Sultani Abdulhamid wa Pili wa Waturuki aliitangaza reli hiyo, Reli ya Hijazi (Hijazi ndiyo nchi ya Makka na Madina), mwaka 1900, na Septemba 1908 ikazinduliwa Madina, kilomita zipatazo 1,300 kutoka Damascus. Msafara wa ngamia wa Sham, yaani pande za Damascus, ulikuwa ukikaa jangwani siku kama arubaini. Treni ikaifanya safari hiyo siku tatu, nne. Askari ndio waliotandika njia, sehemu kubwa juu ya mataruma ya chuma, kwani mbao jangwani utazitoa wapi?

Dola ya Waturuki ilikuwa imezama katika madeni ya Ulaya, basi Sultani akawageukia Waislamu. Michango ilitoka hadi India na Misri. Watumishi wa serikali walikatwa mishahara, na ngozi za wanyama wa Idi zikakusanywa zikauzwa, fedha zikaingia kwenye reli.

Kwenye ngozi hapo nisimame kidogo, kwa sababu kila Idi huulizwa. Mtume (S.A.W.) alimwamuru Sayyidna Ali agawe sadaka nyama za ngamia wake wa Hija pamoja na ngozi zake, na mchinjaji asilipwe kutokana nazo. Sisi Mashafii tumeshika kuwa mwenye kuchinja haiuzi ngozi: ataitumia au ataitoa. Mahanafi, na ndio madhehebu ya Waturuki, wanaruhusu iuzwe kwa fedha ikiwa fedha yenyewe itatolewa sadaka. Kwa hiyo tusiwalaumu. Mishahara ni jambo jingine. Aliyekatwa bila ridhaa hakutoa sadaka, alitozwa. Tena serikali ilitaka pia njia ya kupitisha askari. Lakini maskini wa India aliyetoa rupia yake ili hujaji asife kiu njiani, huyo ana alichonuia.

Makka reli haikufika. Wabedui walikuwa wakiishi kwa kukodisha ngamia kwa mahujaji, waliona riziki inawapita juu ya chuma, wakaishambulia. Kuwashambulia wasafiri ni haramu, ila shida yao ilikuwa ya kweli na ilistahili kusikilizwa. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kuanzia mwaka 1916 Sharifu Hussein wa Makka aliinuka dhidi ya Waturuki kwa msaada wa Waingereza, na njia ikalipuliwa mara kwa mara. Kipande cha kwenda Madina kikafa. Treni atakayoikuta mjomba siyo hiyo: ile ya Makka na Madina kupitia Jeddah ilifunguliwa mwaka 2018, na ile ya Mina, Muzdalifa na Arafa mwaka 2010.

Sasa mjomba. Dalili anayo, tusimdharau. Mtume (S.A.W.) alimwambia Bi Aisha (R.A.) katika umra yake kwamba ujira wake ni kwa kadiri ya tabu yake. Lakini maulamaa, na miongoni mwao Izzuddin bin Abdissalam, Shafii mwenzetu, wamebainisha kuwa tabu haikusudiwi kwa dhati yake. Ikikujia ndani ya ibada, unalipwa. Ukiiacha njia nyepesi ili uitafute nzito, hapo hakuna ibada. Qur'ani katika Surat An-Nahl inawahesabu wanyama wanaobeba mizigo hadi miji tusiyoifikia ila kwa mashaka kuwa ni neema, kisha inaongeza: na anaumba msivyovijua. Na Mtume mwenyewe alihiji juu ya ngamia.

Msomee pia Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alimwona mzee anajikokota, wanawe wawili wamemshika huku na huku. Akauliza ana nini. Wakasema ameweka nadhiri ya kutembea. Akasema Mwenyezi Mungu hana haja na huyu kujiadhibu, akamwamuru apande.

Huyo aliweka nadhiri, na bado akapandishwa. Mjomba hana nadhiri, ana magoti mabovu. Mkatieni tiketi mapema. Siku za Hija nafasi hujaa.

Wallahu aalam.