Maswali ya Wasomaji: Projekta Haizimwi Ukutani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Tuna projekta moja ya taa tunayopokezana madarasa sita, na kwa nia ya kubana matumizi ya umeme tumeagizwa kuzima swichi ya ukutani mara tu kipindi kinapokwisha. Taa ya kwanza ilipasuka kwa mlio mkubwa ilipofikisha saa 900, ingawa kijitabu kinasema hudumu saa 4,000, na sasa picha ina doa la manjano upande mmoja. Fundi mmoja anasema tunazima vibaya, mwenzake anasema taa ilikuwa mbovu tangu dukani. Je, kuzima tu kunaweza kuleta hasara kubwa kiasi hicho?

JIBU: Kunaweza, Mwalimu. Siwezi kuapa kuwa taa nisiyoiona ilikuwa nzima ilipotoka dukani, lakini kwa kuwa doa la manjano limefuatana na kupasuka kwa taa, nakubaliana na fundi wa kwanza, kwani dalili zote mbili ni za joto lililokosa njia ya kutokea.

Taa ya projekta ya aina yenu ni ndogo, lakini kazi yake ni nzito. Mwanga hutokea katika nafasi ya takriban milimita 1 kati ya ncha mbili za tungsteni, ndani ya kioo cha kwatzi chenye mvuke wa zebaki ambao shinikizo lake linaweza kupita mara 200 ya lile la hewa ya kawaida, na kioo chenyewe hukaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi. Kinachoiwezesha kuhimili hali hiyo ni feni. Ndiyo maana ukibonyeza kitufe cha kuzimia, ambacho katika projekta nyingi hubonyezwa mara mbili, mwanga hukatika lakini feni huendelea kuvuma kwa nusu dakika hadi dakika 2 hivi, huku kitaa cha alama kikimemeteka. Ukikata umeme ukutani wakati huo, feni husimama papo hapo, na joto lililokuwa likipeperushwa nje husambaa ndani. Huingia kwenye shingo za taa, ambako metali na kioo vimeshikamana ingawa havitanuki kwa kiwango kimoja, na huko ndiko nyufa huanzia. Hufika pia kwenye tando nyembamba zinazochuja mwanga karibu na paneli za LCD, yaani vioo vidogo vinavyounda picha, nazo zikishaungua rangi hazisafishiki, hubadilishwa. Naamini doa lenu limetokea huko.

Kuhusu kubana matumizi, naomba umpelekee mkuu wa shule hesabu hii. Hata tukikadiria kwamba wakati wa kupoa projekta hutumia wati 30 kwa dakika 2, hiyo ni saa-wati 1 tu. Uniti moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni saa-wati 1,000, kwa hiyo mtaiacha ipoe mara 1,000 ndipo uniti moja iishe, ilhali taa mpya moja ingenunua uniti nyingi mno.

Umeme ukikatika wenyewe, au uniti zikiisha katikati ya kipindi, madhara ni yale yale, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Nawashauri mnunue UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme kwa muda mfupi ule wa ukutani ukikatika, yenye nguvu ya kutosha kubeba wati za projekta yenu, si kwa ajili ya kuendelea kufundisha gizani, bali kwa ajili ya dakika zile mbili za kuizima kwa kitufe. Ikiwa imezimika ghafla na UPS hamna, msiiwashe umeme unaporudi, kwani zebaki ikiwa bado ya moto shinikizo lake huzuia cheche kuanza, na kulazimisha huichosha taa. Ngojeni angalau dakika 10, wala msiihamishie darasa la pili kabla haijapoa.

Chunguzeni pia chujio la hewa, kwa sababu katika darasa linalotumia chaki vumbi huliziba upesi sana, na feni inayovuta hewa kupitia chujio lililoziba haipoozi chochote hata ikivuma kutwa nzima. Na taa ikipasuka tena, wanafunzi watoke nje na madirisha yafunguliwe, maana mvuke wa zebaki ni sumu, na vipande visiokotwe kwa mikono mitupu.

Baadhi ya projekta mpya, hasa za LED na leza, zimeundwa kuhimili kukatwa umeme moja kwa moja. Kama yenu ni mojawapo, kijitabu chake kitasema hivyo waziwazi, na kisiposema, hesabuni kuwa si mojawapo.

SWALI: Mimi ni msomaji wa Mombasa. Nikitoka kazini hufunga kifuniko cha kompyuta yangu ya mkononi na kuitia mkobani, lakini nikifika nyumbani huikuta ina moto. Nimeharibu kitu?

JIBU: Huenda bado, dada, lakini acha desturi hiyo leo. Kufunga kifuniko kwa kawaida huilaza kompyuta tu, na iliyolala inaweza kuamka yenyewe kupokea masasisho ikiwa ndani ya mkoba usio na hewa. Prosesa hujilinda kwa kupunguza kasi au kuzimika kabisa, ila betri ya lithiamu haina kinga ya namna hiyo dhidi ya uchakavu, kwa kuwa kila inapokaa katika joto kali uwezo wake wa kutunza chaji hupungua. Izime kwa menyu, usubiri skrini na taa zizimike na feni inyamaze, ndipo ufunge kifuniko. Ukigusa chini yake ukasikia bado ina moto, iache mezani ipoe kwanza.