Baraza la mbao: lishikwe na ukuta au lisimame lenyewe?

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu baraza la mbao, yaani sakafu ya nje iliyoinuliwa kwa nguzo na kupakana na nyumba. Karibu maswali yote yanahusu jambo moja: ni nini kitakachobeba uzito wake upande wa ukutani.

Fundi wangu anataka kuifunga boriti ya kwanza ukutani ili apunguze safu moja ya nguzo. Fundi mwingine anasema baraza lijitegemee. Nimfuate nani?

Kwanza waulize wote wawili ukuta wako umejengwa kwa nini, kwa sababu jibu limo nyuma ya plasta. Chukua baraza lenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 3, yaani mita 15 za mraba. Likikadiriwa kubeba kilo 200 za watu na vitu kwa kila mita ya mraba, pamoja na kilo 50 za mbao zenyewe, jumla ni kilo 3,750, na karibu nusu yake, kama kilo 1,900, itaning'inia kwenye ukuta kupitia boriti ile moja. Ukuta wa zege au fremu imara ya nyumba unaweza kuhimili hayo ukifungwa vizuri. Matofali ya urembo yaliyosimamishwa mbele ya ukuta halisi hayakujengwa kubeba mzigo wa namna hiyo, na tofali lenye uwazi ndani haliishiki bolti ya kawaida ipasavyo. Kama hakuna awezaye kukuthibitishia kilichomo ukutani, mimi ningechagua baraza linalojitegemea bila kusita, kwani gharama ya nguzo chache za ziada ni ndogo kuliko hasara ya kukisia.

Boriti ya ukutani imeshapigiliwa misumari, tena mirefu na mingi. Haitoshi?

Haitoshi, na nakuomba usiruhusu watu wakusanyike juu yake kabla haijarekebishwa. Msumari hustahimili uzito unaokandamiza kutoka juu, lakini baraza likivutwa kuelekea nje, hasa watu wanapocheza au kuegemea ukingo kwa pamoja, msumari huchomoka taratibu bila mtu kuona. Ikiwa fremu ya nyumba inaruhusu, zitumike bolti za milimita 12 zinazopenya hadi upande wa pili, zenye washa na nati, zikipangwa moja juu na inayofuata chini ili ubao usipasuke kwa kufuata mstari mmoja.

Nimeambiwa adui mkubwa wa boriti hiyo ni mvua. Ukuta si unaikinga?

Ukuta ndio unaoyanasa maji. Mvua huteremka ukutani, huingia katika upenyo ulio nyuma ya boriti, na humo hakuna upepo wala jua la kukausha. Niliwahi kuifungua boriti ambayo kwa mbele rangi yake ilikuwa safi kabisa. Mgongo wake ulikuwa mweusi, na kidole kilizama kama katika mkate uliolowa. Mwezi Juni 2015, roshani ya jengo moja mjini Berkeley, California, ilianguka na watu 6 wakafariki, na boriti zake zilikutwa zimeoza kwa maji yaliyopenya ndani. Kinga yake ni bati lililokunjwa, ukingo wake wa juu ukiingia nyuma ya ganda la nje la ukuta na wa chini ukiifunika boriti. Angalia pia kwamba mbao nyingi zilizotiwa dawa zina shaba, nayo shaba hula chuma cha kawaida na alumini. Kwa hiyo bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu au zilizochovywa katika zinki.

Nguzo zichimbiwe ardhini au zikae juu ya zege?

Zikae juu ya zege, katika kitako cha chuma kinachoziinua sentimita 2 au 3. Nguzo iliyochimbiwa huanza kuoza pale inapokutana na uso wa ardhi, kwa kuwa hapo unyevu na hewa vipo pamoja. Choma sehemu hiyo kwa bisibisi na utajua hali yake mara moja.

Nguzo inayobeba mita 4 za mraba hupokea kama tani 1. Kitako cha zege cha sentimita 40 kwa 40 huusambaza mzigo huo kwa kiwango cha tani 6 na kidogo kwa mita ya mraba, ambao udongo mgumu usiochimbuliwa kwa kawaida huumudu. Neno "usiochimbuliwa" lina uzito wake: kando ya nyumba mara nyingi pana kifusi kilichorudishwa baada ya msingi kujengwa, nacho huendelea kushuka kwa miaka, hivyo nguzo za karibu na ukuta zichimbiwe msingi hadi udongo wa asili au zisogezwe mbali kidogo, na boriti zichomoze kuelekea ukutani. Mahali ambapo ardhi huganda wakati wa baridi, zege lianzie chini ya kina cha kuganda, la sivyo udongo utakaovimba utaliinua.

Naweza kuweka tangi la maji juu ya baraza?

Mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Lijengee tangi msingi wake lenyewe ardhini.

Baraza langu linajitegemea, lakini linayumba nikitembea. Niongeze nguzo?

Nguzo zaidi hazitaondoa mtikisiko, kwa sababu tatizo ni la upande kwa upande na si la uzito. Funga mbao za mshazari kati ya nguzo na boriti kuu, zikiinama nyuzi 45, katika pande zote mbili: sambamba na ukuta na kuelekea ukutani. Kagua pia kama boriti kuu imelazwa juu ya vichwa vya nguzo au imebanwa ubavuni kwa bolti tu. Iliyo ubavuni iwekewe kiti cha mbao chini yake, kilichofungwa vizuri kwenye nguzo. Ukimaliza, acha mwanya wa sentimita 2 au 3 kati ya sakafu na nyumba ili maji yapite na ukuta ukauke.