Usahihi wa mrushaji wa kriketi huanzia miguuni

Tangu vijana wetu wa chini ya miaka 19 wafuzu Kombe la Dunia la 2026, kwa mara ya kwanza kabisa kwa Tanzania, watoto wanaonifuata uwanjani hapa Dodoma wanataka jambo moja: kurusha kwa kasi. Naipenda hamu hiyo. Lakini kabla ya kasi huwa nawauliza, je, mpira wako wa sita kwenye ova (zamu ya mipira sita ya mrushaji mmoja) unatua pale ulipotua wa kwanza?

Mpigaji mzuri haogopi kasi isiyojua inakokwenda. Anasubiri ule mpira mmoja uliopotoka, anauelekeza tu kwa gongo lake, na unakimbia wenyewe hadi mpakani mwa uwanja. Glenn McGrath wa Australia alipata wiketi 563, yaani aliwatoa wapigaji mara 563, katika mechi za Test, zile za kimataifa za siku nyingi, na zama hizo hizo walikuwepo warushaji kadhaa waliomzidi kasi. Yeye aliwachosha wapigaji kwa kutua mpira sehemu ile ile, ova baada ya ova, mpaka mtu akakosa uvumilivu.

Kijana akirusha vibaya atakwambia, "Kocha, leo mkono umekataa." Mara nyingi mkono hauna kosa. Miguu imemfikisha pasipo pake, na mkono umelazimika kutafuta njia dakika ya mwisho. Ukifika kwenye mstari wa krizi, ule unaoishia mbio za mrushaji, ukiwa umebanwa, mwili unajikunja. Ukiuvuka kabisa, mwamuzi ananyoosha mkono pembeni na hiyo ni noboli, mpira batili, hata kama umeangusha vijiti vyote vitatu nyuma ya mpigaji. Kwa hiyo naomba, kabla hujagusa kitu kingine chochote, pima mbio zako.

Zipime hivi. Simama kwenye krizi, mpe mgongo mpigaji, kisha kimbia kuelekea nje ya pichi, ule ukanda kati ya vijiti vya pande mbili, bila kuhesabu hatua. Ongeza kasi taratibu, na mwili ukiwa tayari, ruka na uzungushe mkono kama siku ya mechi. Rafiki aliye pembeni aweke jiwe pale ulipokanyaga mguu wa mbele. Rudia mpaka mawe yaanze kukusanyika sehemu moja. Umbali wa kutoka krizi hadi kwenye mawe hayo ndio mbio zako za asili, wala hukuiga kwa mtu uliyemwona kwenye televisheni. Upime kwa tepu ya fundi na uuandike. Hatua za kutembea zinafaa kwa haraka, lakini mtu aliyechoka hatembei kama alivyotembea asubuhi.

Sasa upepo. Aliyecheza Dodoma kati ya Juni na Septemba anajua ninachosema: upepo wa kusini mashariki unavuma siku nzima, na kuanzia adhuhuri unabeba vumbi. Ukikimbia nao, unakusukuma mgongoni, hatua zinarefuka, unaikuta krizi mapema na kuivuka. Ukikimbia dhidi yake, hatua zinakatika, unafika umepungukiwa, halafu mwili unajaribu kulipa deni kwa kujirusha mbele, na hapo kichwa kinaanguka. Mrushaji wa hapa kwetu anahitaji alama mbili: moja ya kukimbia na upepo, iliyosogezwa nyuma kidogo, na nyingine ya kuupinga, iliyosogezwa mbele. Kiasi gani? Jaribu wakati wa kupasha misuli, kwa upepo wa siku hiyo hiyo. Nahodha akikuhamishia upande wa pili wa pichi katikati ya mechi, usikubali kuanza kabla hujaweka alama yako mpya. Ni haki yako, na nahodha mwenye busara atakusubiri.

Kagua pia ardhi. Udongo wetu ukikauka una changarawe juu na ugumu wa saruji chini. Fagia mahali unapotua mguu wa mbele, kwa sababu mguu ukiteleza hata sentimita chache, mpira unaondoka kwenye mstari, na kifundo cha mguu kiko hatarini.

Miguu ikitulia, kazi ya juu inakuwa nyepesi. Kichwa kibaki wima na macho sawa, kama mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani akipita njia ya mawe. Kwa anayerusha kwa kulia, mkono wa kushoto uinuke juu kuelekea kwa mpigaji, kisha ushuke kwa nguvu hadi kwenye nyonga. Ukiuacha ulegee, bega linafunguka mapema. Ukijiona unaangukia kushoto kila unaporusha, mara nyingi utaona mpira unaelekea miguuni kwa mpigaji wa kulia na waidi, mipira inayopita mbali na mpigaji, zinaongezeka. Baada ya kuachia mpira endelea kwenda mbele hatua chache kuelekea kwa mpigaji, kisha ondoka pembeni kabla ya eneo la katikati ya pichi linalolindwa lisikanyagwe.

Nina onyo moja kwa wanaofundisha watoto. Nyonga na mabega viangalie upande mmoja. Ama vyote viwe ubavu kwa mpigaji, ama vyote vimtazame. Nyonga zikitazama mbele huku mabega yamegeuka ubavu, uti wa mgongo unasokotwa katika kila mpira, na mgongo wa kijana anayekua unaweza kupata ufa kwenye mfupa. Akilalamika maumivu ya kiuno upande mmoja, mpumzishe na umpeleke hospitali. Usimpe dawa ya kuchua ukamrudisha uwanjani.

Mpira utue wapi hasa? Pichi ina mita 20.12 kutoka vijiti hadi vijiti, na vijiti vina urefu wa sentimita 71 hivi. Kwenye saruji iliyotandikwa zulia, au kwenye ardhi ngumu kama yetu, mpira unadunda juu zaidi kuliko kwenye majani. Mpira ambao kwenye majani ungegonga kichwa cha kijiti, hapa utapita juu yake. Tua karibu zaidi na mpigaji. Kwa kijana mwenye kasi ya wastani naanza na mita tano hivi kutoka kwenye vijiti vya mpigaji, kisha natazama: ukipita juu, nasogeza mbele, ukija chini mno na kupigika kirahisi, narudisha nyuma.

Kwa alama natumia sandarusi tupu iliyokunjwa katikati, kwenye mstari wa kijiti cha ofu (cha upande ambao mwili wa mpigaji unatazama) au nje yake kidogo. Rusha mipira sita, kisha pumzika kama mtu mwingine anavyorusha ova yake, ndipo urudi. Kumimina mipira sitini mfululizo kunafundisha uchovu, na kwenye mechi hakuna anayerusha hivyo. Kwa mtoto chini ya miaka 13 siruhusu zaidi ya ova tano kwa mkupuo.

Uwe na daftari. Andika mpira umeanguka mfupi (mbali na mpigaji), mrefu (karibu naye), kushoto au kulia. Mipira mifupi ikizidi, unauachia kwa kuchelewa. Ikija bila kutua, unauachia mapema. Ikitawanyika pande zote bila mpangilio, rudi kwenye mbio zako, maana tatizo haliko kwenye vidole.

Kuhusu vidole sina mengi: viwili juu ya mshono, dole gumba chini, na nafasi ndogo kati ya mpira na kiganja. Angalia zaidi uzito. Wengi wetu tunajifunzia mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu ya umeme, ambao hata ukiwa na tepu haukaribii gramu 156 hadi 163 za mpira wa ngozi. Kama timu yenu ina mpira mmoja tu wa ngozi, uwekeni kwa siku za mwisho kabla ya mechi, na siku hizo msiguse wa tenisi kabisa.

Mpira wa polepole wa kudanganya, na mbinu nyingine, acha kwanza mpaka ule wa kawaida uangukie kwenye sandarusi mara nne au tano kati ya sita. Siku ya mechi utapigwa nne, mpira ukifika mpakani. Kila mrushaji anapigwa. Jiulize mpira ulitua wapi. Kama ulitua ulipotaka, rudia ule ule, halafu mwombe nahodha aongeze mtu mmoja upande wa ofu, kwa sababu sasa anajua mpira wako utakwenda wapi na anaweza kupanga watu wake kwa uhakika.