Ukitafuta faili ukaletewa matokeo mamia, jina liwe la mwisho

Mkuu, umesema ukiandika "mkataba" kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows unaletewa orodha ndefu mno, na lile faili unalolitaka hulioni. Ushauri ambao watu hutoa haraka ni kuongeza maneno. Mimi nakushauri tofauti.

Kazi yangu ni kuhariri nyaraka za watu, na kila kazi huja na matoleo matatu manne yenye majina yanayofanana. Nilichokiona ni kwamba jina la faili ndilo tunalolisahau mapema. Kinachobaki kichwani ni mengine: lilikuwa la aina gani, mara ya mwisho nililigusa lini, lilifikaje kwenye kompyuta yangu. Hayo ndiyo ya kuchujia.

Kwanza mahali. Usitafutie kwenye "This PC", maana hapo unaiuliza mashine nzima. Ingia kwenye folda unayoishuku, hata kama ni kubwa, kisha bonyeza Ctrl+F ndipo uandike. Utafutaji utaishia ndani ya folda hiyo na folda zake ndogo. Hatua hii peke yake huondoa takataka nyingi kuliko nyingine yoyote.

Pili, elewa kwa nini orodha ni ndefu. Katika maeneo ambayo Windows imeyatengenezea faharasa, yaani orodha iliyoandaliwa mapema ya mafaili na maneno yaliyomo, kama Documents na Desktop, haisomi majina tu, inasoma na maandishi yaliyomo ndani. Kila barua iliyotaja mkataba hata mara moja inaingia. Ukitaka jina peke yake andika name:mkataba, na utashangaa orodha inavyopungua. Kisha ongeza aina: name:mkataba ext:pdf. Kama hukumbuki lilikuwa PDF au Word, andika name:mkataba (ext:pdf OR ext:docx). Maneno OR, AND na NOT yaandikwe kwa herufi kubwa, la sivyo yanachukuliwa kama maneno ya kawaida ya kutafutwa.

Sasa tarehe, na hapa naomba utulie nami kidogo, kwa sababu ndipo penye nguvu na ndipo watu wanapopotea. Andika datemodified:01/03/2024..31/03/2024 na utapata yaliyobadilishwa ndani ya mwezi huo tu. Tarehe iandikwe kwa mpangilio uliowekwa kwenye kompyuta yako. Kama mashine yako inaanza na mwezi na wewe unaanza na siku, utapata majibu ya ajabu au hutapata kitu. Jambo la pili: kila faili lina tarehe mbili za kuangalia hapa, ya kubadilishwa na ya kuundwa. Ukinakili faili kutoka kwenye flashi, tarehe ya kubadilishwa inabaki ile ya zamani, lakini ya kuundwa inakuwa siku uliyolinakili. Kwa hiyo kama mtu alikupa mkataba kwenye flashi wiki iliyopita, na yeye aliuandika miaka miwili nyuma, datemodified haitakusaidia. Tumia datecreated. Mimi hutumia hii kila mara mteja anaponiletea nyaraka zake za zamani.

Kuna jambo linalotuhusu zaidi sisi tunaoyapa mafaili yetu majina ya Kiswahili. Utafutaji wa Windows kwenye maeneo yenye faharasa hulinganisha kuanzia mwanzo wa neno. Ukiandika mkataba, faili linaloitwa "Mikataba ya zamani" halitakuja, kwa kuwa mwanzo wake ni tofauti. Andika name:*kataba* na yote mawili yatakuja. Vivyo hivyo *tihani* kwa mtihani na mitihani. Nyota hizo zinapanua matokeo, ndiyo, lakini ukiwa umeshaweka folda, aina na tarehe, huna sababu ya kuogopa.

Matokeo yakibaki kama thelathini hivi, acha kuandika. Bonyeza Ctrl+Shift+6 yapangwe kwa safu, kisha bofya kichwa cha safu ya tarehe au ya ukubwa. Jicho litamaliza kazi.

Kama unatafuta kwa majina tu na hujali yaliyomo, weka programu ya bure iitwayo Everything, ya voidtools. Inasoma orodha ya mafaili moja kwa moja kutoka kwenye diski za NTFS (mfumo ambao Windows huutumia kupanga mafaili kwenye diski), ndiyo maana ni ya haraka kiasi kile. Kwayo unaandika kataba ext:pdf;docx dm:lastmonth (dm ni tarehe ya kubadilishwa, lastmonth ni mwezi uliopita) na inatosha. Nyota hazihitajiki, inakubali kipande cha katikati ya neno. Alama ya mshangao mbele ya neno inaliondoa kwenye matokeo, mfano !rasimu.

Walio kwenye Mac, fungua folda kwenye Finder, bonyeza Command+F, kisha alama ya kujumlisha ili kuongeza masharti ya aina na tarehe. Utafutaji unaourudia mara kwa mara uhifadhi kama Smart Folder, folda inayojijaza yenyewe kwa masharti uliyoweka. Kwenye Linux, amri hii ya terminal, find ~/Documents -iname "*kataba*" -mtime -30 italeta yaliyobadilishwa ndani ya siku 30 zilizopita.

Na ikitokea umechuja hadi hakuna kilichobaki, usianze upya. Ondoa sharti moja moja, ukianza na tarehe, uone ni lipi lililokuwa linalificha. Ukiondoa yote na bado faili ambalo una uhakika lipo halionekani, rudi kwenye Windows ufungue Indexing Options, yaani mipangilio ya faharasa, angalia kama folda hiyo imo kwenye orodha, na kama haimo iongeze kisha uiache mashine imalize kuisoma kabla hujatafuta tena.