Kwa wanaoanza kusoma GABA na glisini

Nilipoanza famakolojia ya mfumo wa neva nilikariri dawa moja baada ya nyingine na nikafaulu mtihani, lakini mgonjwa wangu wa kwanza mwenye degedege lisilokoma alinionyesha kwamba nilijua majina tu. Tangu hapo, kwa kila dawa, huwauliza wanafunzi wangu swali moja: inagusa hatua ipi ya safari ya GABA na glisini, asidi amino zinazotuliza seli za neva, tangu zinapotengenezwa hadi zinapoondolewa?

Anzeni na kutengenezwa. GABA hutokana na glutameti kwa kazi ya kimeng'enya kinachotegemea vitamini B6. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu mnayoikuta karibu kila kliniki, huivuruga vitamini hiyo, na ndiyo maana aliyeimeza kupita kiasi hushikwa na degedege ambalo diazepamu, dawa ya kawaida ya kutuliza degedege, peke yake huweza kushindwa kulituliza. Diazepamu yenyewe haifungui mlango wa kloridi, yaani njia ambayo kloridi hupitia kuingia ndani ya seli ya neva na kuituliza. Hukisaidia kipokezi cha GABA-A, ambacho ndicho mlango huo, kufunguka mara nyingi zaidi pale GABA inapokifikia, kwa hiyo GABA ikikauka, msaada huo hauna cha kusaidia. Mgonjwa huyo anahitaji piridoksini, yaani vitamini B6 yenyewe. Fenobabitali, dawa nyingine ya degedege, ni tofauti: huuacha mlango wazi kwa muda mrefu zaidi, na kwa dozi kubwa huweza kuufungua hata bila GABA. Tofauti hii ndogo ndiyo inayoifanya iwe hatari zaidi kwa upumuaji, nami huona haipewi uzito unaostahili darasani.

Glisini hufanya kazi zaidi katika uti wa mgongo na shina la ubongo. Aliyepata pepopunda na aliyekunywa sumu ya strikinini hukakamaa kwa namna zinazokaribiana, kwa kuwa wote wamenyang'anywa kizuizi kilekile, ila sumu ya pepopunda huzuia glisini na GABA zisitolewe, ilhali strikinini hukiziba kipokezi cha glisini.

Baklofeni, dawa ya kulegeza misuli iliyokakamaa, hupitia kipokezi cha GABA-B, ambacho si mlango wa kloridi. Gabapentini, dawa ya degedege na maumivu ya neva, nayo isiwapoteze kwa jina lake: haishiki vipokezi vya GABA, bali sehemu ya milango ya kalisi.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni muda. Degedege likiendelea, seli za neva huvivuta ndani vipokezi vya GABA-A kutoka kwenye sinapsi, yaani maungio kati ya seli hizo, na diazepamu huzidi kupoteza nguvu kadiri dakika zinavyopita. Dozi ya kwanza itolewe mapema, tena iwe kamili. Mgonjwa wangu yule alifikishwa baada ya zaidi ya saa moja, nami nikampa dozi ndogo kwa woga wa kumzuilia pumzi, kisha nikasimama kando ya kitanda nikishangaa kwa nini hatulii.