Kazi ya kwanza maabara ya mbu Kisumu: jibu kwa aliyeuliza kama akubali mkataba wa miezi 6

Dada umeuliza hivi: umemaliza shahada ya bioteknolojia, umepata nafasi ya msaidizi wa maabara kwenye mradi wa malaria hapa Kisumu, mkataba wa miezi 6, na nyumbani wanakwambia usubiri kazi ya hadhi ya digrii yako. Mimi nilianzia hapo hapo. Nilikuja na alama nzuri na suti moja ya intavyu. Siku ya kwanza nikakabidhiwa brashi na beseni.

Brashi ilikuwa ya kusugulia trei za mabuu. Chumba cha kufugia mbu huwekwa kwenye joto la nyuzi 27 hivi, na unyevu wake unakuloanisha shati kabla ya saa tatu asubuhi. Mabuu wanalishwa chakula cha samaki kilichosagwa, kwa kipimo. Ukizidisha, maji yanachacha na trei yote inakufa. Ukipunja, wanatoka mbu vibete wasiofaa kwa jaribio lolote. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 10 hadi 14, na katika siku hizo buu hajui Jumapili wala Madaraka. Mimi nimekula Krismasi saa kumi jioni kwa sababu ya mabuu. Miguu ya meza inasimama ndani ya vikopo vya maji, maana sisimizi wakipata njia usiku mmoja, asubuhi unakuta kizimba kina mabawa tu. Na marashi sahau. Mafuta ya kufukuza mbu ndiyo kabisa, hata kama ulijipaka jana usiku.

Nilinung'unika sana wiki zile. Kisha nikaja kuelewa ninafuga nini. Kuna ukoo wa Anopheles gambiae unaoitwa Kisumu, mbu ambao dawa bado inawaua vizuri, na maabara za nchi nyingi huwatumia kama kipimo: ukitaka kujua kama mbu wa kwenu wamekuwa sugu, unawapima pamoja na hao. Chuoni nilikuwa nikikutana na neno "Kisumu" kwenye makala za watu wa mbali nikidhani wanazungumzia mji. Kumbe ni mbu.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulieleza. Mbu jike wa siku 3 hadi 5 ambao hawajanywa damu, 25 hivi kwa kila mrija, wanakaa saa 1 na karatasi yenye dawa, halafu unahesabu waliokufa baada ya saa 24. Wakifa asilimia 98 na zaidi, dawa inafanya kazi. Wakifa chini ya 90, umepata usugu. Ugumu uko mikononi. Unawahamisha kwa kuwavuta kwa pumzi kwenye mrija (kuna wavu, huwezi kummeza), na ukivuta kwa nguvu unawakata miguu. Mbu aliyekatika miguu kesho atahesabiwa maiti, na dawa itapewa sifa isiyo yake. Ndiyo maana kuna mirija ya kontroli isiyo na dawa: humo wakifa zaidi ya asilimia 20, kazi yote ya siku hiyo inatupwa. Zangu tatu za kwanza zilitupwa.

Sasa nikupe kisa ambacho sikuwahi kukisimulia kwenye intavyu yoyote. Baada ya miezi minne nilipandishwa upande wa PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane. Hapo nikajiona nimefika. Kazi ilikuwa kutambua spishi: gambiae na arabiensis hata chini ya hadubini wanafanana, kwa hiyo unachukua mguu wa mbu, unatoa DNA, unaendesha PCR, kisha unaangalia mistari kwenye jeli, inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu. Gambiae hutoa mstari wa urefu wa jozi za besi 390, arabiensis 315. Siku moja kontroli hasi yangu, ile yenye maji matupu, ilionyesha mstari hafifu sana. Ilikuwa Ijumaa jioni. Nikajiambia ni kivuli. Nikaandika kwenye daftari "hasi", nikaenda zangu nyumbani Otonglo.

Wiki mbili baadaye mzee wetu wa maabara, mtu wa diploma mwenye miaka mingi kazini, akapitia matokeo ya mbu wa Ahero. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Omera, machotara wote hawa wametoka wapi?" Sampuli nyingi zilikuwa na mistari yote miwili, kama mbu aliyezaliwa na spishi zote mbili, na zile ambazo DNA yake ilikuwa imeharibika zilisoma gambiae peke yake. Sasa Ahero ni mashamba ya mpunga, na mbu wa pale kwa wingi ni arabiensis. Machotara wa hao wawili porini ni nadra mno. Hakuhitaji kompyuta kujua kwamba kuna DNA ya gambiae imeingia mahali. Ilikuwa kwenye chupa yangu ya maji, na ilitoka kwa mbu wa Kisumu, wale wale niliowalisha kwa mkono wangu, ambao tulikuwa tukiwatumia kama kontroli chanya, yaani sampuli tunayojua lazima itoe mstari. Nilitumia pipeti moja kwenye DNA yao na kwenye maji.

Hakunifokea. Alifungua daftari langu kwenye ile Ijumaa, akaweka kidole kwenye neno "hasi", akaniangalia. Tulirudia sahani zote za sampuli za wiki mbili, na mimi ndiye nilimwandikia msimamizi barua ya maelezo. Tangu siku hiyo maji nayagawa kwenye vichupa vidogo na kila kimoja nakitumia mara moja. Na kama picha ya jeli ina kivuli, naandika "kivuli".

Kazi ya kijijini utaipenda au utaichukia, hakuna katikati. Saa kumi na mbili asubuhi uko mlangoni mwa mtu unaomba ruhusa, mnatoa sufuria na unga nje, mnatandika shuka nyeupe sakafuni, mnapuliza dawa, mnaokota mbu mmoja mmoja. Jifunze salamu za Kijaluo na neno *suna*, yaani mbu. Mama mwenye nyumba ana haki ya kukataa, hata kama dereva ameshazima gari na bosi anapiga simu.

Kuhusu hadhi: jua mapema kwamba shahada ya bioteknolojia peke yake haikupi leseni ya kupima wagonjwa hospitalini. Hiyo ni njia ya waliosomea sayansi ya maabara za tiba na kusajiliwa na bodi yao. Yetu ni utafiti, na utafiti huishi kwa mradi. Fedha za misaada ya Marekani ziliposimamishwa mapema 2025, nina marafiki walioambiwa wasirudi kazini Jumatatu, watu wenye uzoefu kuliko mimi. Kwa hiyo usichukue mkopo ukitegemea mkataba wa miezi 6, hata ukiambiwa "utaongezwa tu."

Mimi ningekubali. Ila kabla ya kusaini uliza mambo mawili: nani analipa nauli ya kwenda kijijini, wewe au mradi (mimi nilitoa mfukoni miezi miwili nikirudishiwa "mwezi ujao"), na kama wikendi za kulisha mabuu zinahesabiwa siku za kazi au ni za bure. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, omba iandikwe.

Na siku ya kwanza njoo na viatu vilivyofunika vidole. Kwa sandali hutapita mlango wa maabara.