Kompyuta ya inchi 8, kishikwambi au simu?

SWALI: Kazi yangu ni ya kusafiri. Naandika ripoti, nafungua mafaili ya Excel yenye makro (amri zinazofanya kazi zenyewe ndani ya faili), na mara nyingine naingia kwenye seva nikiwa mbali. Je, kompyuta ndogo ya inchi 8 inakishinda kishikwambi chenye kibodi, au simu nzuri?

JIBU: Ndugu msomaji, kinachoamua hapa ni hizo makro. Excel ya Android na ya iPad hufungua faili lakini haiendeshi makro za VBA, yaani lugha ambayo makro za Excel huandikwa. Seva unaweza kuingia kwa SSH (njia salama ya kutuma amri kwa kompyuta ya mbali) hata kwa simu, na ripoti huandikika vizuri kwenye kishikwambi. Kwa hiyo kwa makro unahitaji kompyuta kamili; bila makro ningekushauri uchukue kishikwambi.

Sababu kubwa ni umeme. Betri ya simu ya mAh 5,000 ina kama Wh (wati-saa) 19, lakini simu yenyewe hutumia wati 1 au 2 tu ukiwa unasoma na kuandika. Kompyuta ndogo yenye betri ya Wh 30 ikila wastani wa wati 7, itakupa saa 4 na dakika chache. Powabenki ya mAh 20,000 ina Wh 74. Sehemu yake hupotea kwa joto, kwa hiyo tarajia kuijaza kompyuta hiyo karibu mara mbili. Hakikisha tu powabenki na chaja vina USB-C PD (mfumo wa kuchaji kwa nguvu kubwa) ya wati 30 au zaidi. Chaja ya kawaida ya simu, ya volti 5, ama haitaichaji kabisa ama betri itaendelea kushuka huku umechomeka.

Kosa linalowaumiza wengi ni kufunga kifuniko na kuitia kompyuta kwenye begi. Windows iliyolala huweza kuamka yenyewe kutafuta masasisho. Ndani ya begi feni haipati hewa, kompyuta inachemka, na ukifika betri imekwisha. Nenda kwenye mipangilio ya umeme, uchague kufunga kifuniko kuwe ni Hibernate (kuzima kabisa huku kazi ikihifadhiwa), si Sleep (kulala tu). Itachelewa kidogo kuwaka, lakini kazi yako itakuwa imehifadhiwa kwenye diski na betri haitaguswa.

Ukinunua, usikubali RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) chini ya GB 8. Windows 11 inakubali GB 4, ila kivinjari na Excel vikifunguka pamoja utasubiri sana, na kwenye mashine ndogo RAM kwa kawaida imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao, haiongezeki. Hifadhi ya eMMC (aina ya bei nafuu na ya polepole) ya GB 64 nayo iepuke: masasisho huijaza haraka. Tafuta SSD ya NVMe, aina yenye kasi zaidi.

Kama unapokwenda kuna intaneti ya uhakika, iache kompyuta kubwa ofisini ikiwaka, yenye Windows Pro, uingie humo kwa Remote Desktop (programu ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali) kupitia VPN (njia ya siri ndani ya intaneti) ukitumia kishikwambi. Makro zitaendeshwa kule, nawe utabaki na betri ya siku nzima.

Kuhusu kibodi: nafasi kati ya vitufe kwa kawaida ni milimita 19, na kwenye inchi 8 hupungua. Andika ukurasa mzima kabla ya kulipa.